Vigimbi vya Athumani

Kwa kina Twaha pale Lukozi, mtoto akizaliwa watu hawakimbilii sura. Wanafunua kanga, wanatazama miguu. Sura utakula? Nyumba iko mgongoni mwa mlima, shamba liko bondeni, barabara iko juu kuliko nyumba, na kati ya hivyo vitatu hakuna kinachosafiri ila kwa miguu ya mtu. Kabichi haina mabawa. Kwa hiyo Athumani alipofika umri wa kuota meno mapya, na vigimbi vyake vikaanza kutuna, vigumu, vya mviringo, vya mpagazi mtu mzima, Twaha baba yake alifurahi mpaka ikawa kero kwa majirani. Mgeni hakunywa chai akaondoka bila kuonyeshwa. Mtoto anasimamishwa katikati ya sebule, anapandishwa suruali hadi magotini, na baba mtu anasema, "Tazameni. Na huyu sijampa mzigo bado."

Wageni walitazama, wakaguna kwa kuridhika. Wengine waliviminya kama watu wanaochagua parachichi sokoni. "Huyu atabeba gunia la viazi na wewe juu yake," walisema, na Twaha, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alicheka.

Lakini miguu ile mizuri haikufanya kazi ya miguu. Athumani alianguka penye jiwe, akaanguka pasipo na jiwe. Asubuhi aliondoka kwenda shule pamoja na wenzake, akafika peke yake. Alitembea kwa ncha za vidole, tumbo mbele na mabega nyuma, akiyumba huku na huku, na watoto wenzake, ambao Mungu hakuwanyima ulimi, wakampa jina la Bwana Mkubwa. Akikaa chini, kuinuka kwake kulikuwa kazi ya kutazamwa. Anaanza kwa mikono na magoti, anainua makalio, anashika goti, anashika paja, anajipanda mwenyewe kwa mikono yake hivyo hivyo mpaka anasimama wima. Madrasa ndiko kulikomponza. Wenzake wameshainuka kutoka kwenye sijida, imamu ameshaanza kusoma, yeye bado yuko chini anahangaika na mapaja yake. Ustadhi alimchapa kwa kuifanyia swala mzaha, akamchapa tena, mwishowe akaja nyumbani kushtaki.

Hiyo ndiyo aibu iliyomchoma Twaha. Mtoto angekuwa na miguu ya mbu, watu wangemwonea huruma na mambo yangekwisha. Lakini mwenye vigimbi vile ashindwe kuinuka kwenye mkeka? Twaha alijumlisha, akapata jibu ambalo mtu yeyote wa milima ile angelipata: nguvu anazo, hataki kuzitumia.

"Wewe ni mvivu," alimwambia jioni ile mbele ya mama yake. "Mvivu tu. Na uvivu una dawa yake."

Dawa yake ni mlima. Katika ukoo ule mtoto mzito wa miguu hupandishwa. Babu alipandishwa, Twaha naye alipandishwa na hakuna aliyemsikia akilalamika. Mtoto anafumiwa tenga dogo la kipimo chake, anashushwa bondeni asubuhi, anapakiwa, anapandishwa hadi barabarani, na mzigo unaongezwa kadiri miguu inavyokubali. Wazee wana elimu yao katika jambo hili. Wanasema kupanda ni pumzi tu, mguu wenyewe hutengenezwa wakati wa kuteremka, pale mtu anapouzuia mwili usiporomoke. Twaha aliishika elimu hiyo akaitia chumvi yake. Alimteremsha mwanawe mbio, tuta baada ya tuta, yeye akiwa nyuma anapiga makofi.

Zakia, mkewe, hakuipenda dawa hiyo tangu siku ya kwanza. "Baba Athumani," alisema, "mtoto akirudi miguu inatetemeka hata akiwa amekaa. Jana ameshindwa kushika kikombe."

"Samaki mkunje angali mbichi, Mama Athumani."

"Huyu si samaki."

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," Twaha akajibu, na methali ikishatajwa nyumbani mwa Twaha, mazungumzo yamefungwa.

Na mtoto mwenyewe je? Hapo ndipo moyo unapouma. Athumani hakukataa hata siku moja. Alikuwa na miaka minane na alimpenda baba yake kuliko chochote juu ya ardhi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kushika tenga. Akianguka, aliinuka kwa ile njia yake ya kujipanda, akageuka kutazama kama baba ameudhika, akaendelea. Majira yote ya mvua walipanda na kuteremka, na mwisho wa mvua Athumani alianguka zaidi kuliko alivyoanguka mwanzo. Twaha akaongeza mzigo.

Aliyelikata jambo hili ni Rukia, binamu yake Zakia, muuguzi wa zahanati. Alikuja kumsalimu ndugu yake, akaamkiwa shikamoo na Athumani aliyekuwa amekaa chini akimenya maharage, kisha akamwona akiinuka. Kikombe cha chai kikamsimamia mkononi.

"Athumani, kaa tena. Haya, inuka tena."

Mtoto akarudia, akidhani ni mchezo. Rukia hakucheka. Alimgeukia Zakia akasema kuna daktari bingwa anayekuja mara moja moja pale hospitali Lushoto, daktari wa misuli na mishipa ya fahamu ya watoto, na safari hii yupo Alhamisi. Ana mashine ya ultrasaundi ya kutazama ndani ya nyama.

"Ultrasaundi?" Twaha akadakia. "Ile ya wajawazito?"

"Ile ile, shemeji. Inatazama tumbo, inatazama na mguu."

Twaha alikubali haraka kuliko walivyotarajia, kwa sababu alikuwa na yake moyoni. Alitaka mtu aliyesoma, mwenye koti jeupe, aitazame miguu ile kwa mashine na amwambie mtoto ana kwa ana kwamba ni mizima. Kisingizio kikishakufa, kazi itakuwa nyepesi. Ndivyo alivyofikiri, na alifikiri hivyo kwa upendo. Haimpunguzii lawama, lakini isemwe.

Alhamisi baba na mwana walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha vipimo, katikati ya safu ya wanawake wenye matumbo. Mama mmoja mnene aliyetoka Vuga, amemsindikiza mkwe wake, alimtazama Twaha toka juu hadi chini.

"Shemeji, na wewe yako ina miezi mingapi?"

"Yangu imekaa vibaya, mama," Twaha akajibu. "Imeingia kwenye kigimbi."

Benchi zima likacheka. Athumani alicheka mpaka akateleza akakaa sakafuni, na wanawake wakanyamaza kidogo kidogo walipomwona anavyoinuka. Yule mama wa Vuga alimshika kwapani akamkalisha, hakutania tena.

Daktari Loyce alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa raba. Twaha alimwamkia shikamoo kwa adabu zote. Daktari alimtembeza mtoto ukumbini, akamlaza chini akamwambia ainuke, akamtoa damu kidogo, kisha akavishika vigimbi. Twaha alisubiri agune kwa kuridhika kama wageni wote. Daktari hakuguna. Alibonyeza tu, taratibu, akauliza panauma wapi.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuwekwa mezani. Athumani alipoona chupa ya jeli akajikunja.

"Basi tuanze na baba," daktari alisema. "Baba Athumani, pandisha suruali."

Twaha akapandisha. Jeli ilikuwa baridi kama asubuhi ya Julai. Daktari alitelezesha kifaa cha mashine juu ya kigimbi chake, na kwenye kioo cha mashine pakatokea mguu wa Twaha kwa ndani: weusi mwingi, michirizi myembamba imeupitia, na chini kabisa mstari mweupe, mkali.

"Hii nyeusi ndiyo nyama ya msuli," daktari alimweleza mtoto. "Huu mstari mweupe ni mfupa. Unauona?"

"Ule ni mfupa wa baba?" Athumani aliuliza, amesogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. "Sasa mimi! Na mimi!"

Akalala mwenyewe kitandani, akatoa mguu. Kifaa kikashuka juu ya kigimbi chake, na kioo chote kikawa cheupe. Weusi haukuwepo. Michirizi haikuwepo. Mfupa nao haukuonekana, kama bonde lisivyoonekana ukungu ukishalijaa. Daktari aligeuza kifaa, akabonyeza, akasogea juu, akasogea chini. Weupe ule ule.

"Wangu mweupe!" Athumani akapiga kelele kwa furaha. "Baba, wangu unang'aa, wako mweusi! Wangu mzuri kuliko wako!"

Na Twaha akatabasamu. Ndiyo, alitabasamu. Aliona kitu kimejaa, kizito, kisicho na upenyo, akadhani ndiyo nguvu yenyewe imeonekana mwishowe. Alimtazama daktari ili washirikiane furaha hiyo, akakuta daktari anafuta jeli kwenye mguu wa mtoto polepole, kwa uangalifu, mpaka ilipokwisha kabisa, na bado anafuta.

Alipima na mapaja, akapima na mikono. Kisha alimwita muuguzi, jina lake Sesilia, akamwomba akamwonyeshe Athumani samaki waliochorwa ukutani wodi ya watoto. Mlango ulipofungwa alivuta kiti akakaa karibu na Twaha, magoti kwa magoti.

"Baba Athumani, ule weupe si nyama. Ni mafuta na makovu."

Twaha alisikia maneno, hakuyaelewa.

"Msuli wako ukifanya kazi nzito unachanika kidogo kidogo, halafu unajiunga, unakuwa imara zaidi. Wa mtoto wako umezaliwa ukikosa kitu kinachoushikilia. Unachanika, hauungiki sawasawa. Mwili unaziba pengo kwa mafuta na makovu. Damu tutaipeleka mbali ili tuwe na hakika kamili, lakini kwa jinsi anavyoinuka, na kwa picha hii, sina shaka kubwa."

"Lakini vigimbi vyake ni vinene, daktari. Vinene kuliko vya mtoto yeyote kule kwetu."

"Unene ule ndio ugonjwa."

Twaha alitazama mikono yake. Aliuliza kama mtoto atapona, akaambiwa hapana. Zipo dawa za kupunguza kasi, yapo mazoezi mepesi ya kunyoosha miguu, lakini miaka michache ijayo Athumani atahitaji kiti cha magurudumu, na mbele ya safari kifua nacho kitahitaji msaada. Daktari aliyasema hayo bila kuyazungusha na bila kuyakimbiza. Twaha alifikiria kiti cha magurudumu pale Lukozi, penye njia ambazo mbuzi wenyewe huzipita kwa kufikiri.

Likabaki swali moja. Alilizunguka kama mtu azungukaye nyoka mlangoni.

"Na mtoto wa namna hii, daktari. Akibebeshwa mizigo?"

"Mizigo hapana. Na milima ipunguzwe, hasa kuteremka. Kuteremka ndiko kunakochana msuli kuliko kupanda." Daktari akamtazama. "Amekuwa akibeba?"

"Nilikuwa namteremsha mbio," Twaha alisema. "Kila asubuhi. Nikipiga makofi."

Nje mtu aliita jina la mjamzito mwingine. Daktari Loyce aliweka kalamu mezani.

"Ugonjwa hukuuleta wewe. Hata angelelewa kitandani, ungekuja."

"Na zile mbio?"

Twaha alimwomba Mungu, pale pale kwenye kiti cha plastiki, daktari amdanganye. Asingemlaumu. Angeibeba hata kaburini zawadi hiyo.

"Hazikumsaidia," daktari alisema. "Zimeharakisha. Kwa kiasi gani, hakuna mashine ya kupima hilo."

Safari ya kurudi ilikuwa kwa pikipiki, mtoto katikati, baba nyuma amemshika kiunoni. Njia nzima Athumani alimsimulia dereva habari za mashine. "Vya baba vyeusi," alisema kwa sauti ili upepo usimshinde, "vyangu vyeupe peee! Hata mfupa hauonekani!" Dereva akamsifu. Twaha aliinamisha kichwa nyuma ya kisogo cha mwanawe, akalia bila sauti, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali hakuna aliyemuuliza machozi ni ya nini.

Alimwambia Zakia jikoni, wamesimama, mtoto akiwa kwa jirani. Zakia alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema "nilikwambia." Twaha alilisubiri neno hilo, alilihitaji kama mtu anavyohitaji kutapika, nalo halikuja. Zakia alilichukua lile tenga dogo lililotundikwa ukutani, akalivunja kwa goti, akalisokomeza chini ya sufuria ya maharage, akakaa kwenye kigoda akatazama linavyoshika moto. Kisha akajifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, na alipoguswa na mumewe alijisogeza pembeni.

"Mame, tenga langu liko wapi?" Athumani alimuuliza mama yake alipoingia.

"Limeungua, mwanangu."

Mtoto akamtazama baba yake. Hapo Twaha alitakiwa kusema. Maneno aliyajaribu tangu Lushoto, akayapanga, akayapangua. Utamwambiaje mtoto wa miaka minane kwamba miguu aliyoisifu njia nzima inakufa? Akasema lililokuwa rahisi.

"Kuanzia kesho hupandi tena. Wewe kaa tu nyumbani."

"Hata kidogo, tate?" Nyumbani alimwita hivyo, kwa Kishambaa.

"Hata kidogo. Basi. Yameisha."

Twaha alidhani ameona uso wa mtoto aliyepumzishwa. Hakuujua uso wa mwanawe vizuri kama alivyovijua vigimbi vyake.

Asubuhi Zakia alikuta kitanda kitupu. Mlangoni ndala hazipo, jikoni kiroba kimoja hakipo. Alitoka nje akaita, akaita tena, na Twaha hakusubiri wito wa tatu. Alijua ni wapi. Aliteremka matuta huku umande unamlowesha hadi mapajani, akiteleza, akishika majani ya migomba, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake akauogopa mlima ule.

Alimkuta chini kabisa, kando ya kabichi. Amekaa kwenye matope, miguu ameinyoosha mbele, kiroba chenye kabichi moja kiko ubavuni. Magoti yalikuwa yanavuja damu. Mbele yake udongo ulikuwa umejaa alama za viganja, zimepandiana, mahali alipojaribu kuinuka, akajaribu, akajaribu tena.

"Nimeshuka mbio, tate," alisema mara alipomwona. "Toka juu mpaka huku. Nimeanguka mwishoni tu. Umeniona?"

"Sikukuona, mwanangu."

"Basi niinue, nirudie."

Twaha alichuchumaa, akamgeuzia mgongo. "Panda."

"Nitatembea. Niinue tu, nitatembea, na kabichi nitabeba."

"Panda, Athumani."

Akapanda. Alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko mizigo yote ambayo mgongo ule umewahi kupandisha. Twaha alianza kulipanda bonde, tuta moja, tuta la pili. Nyuma ya shingo yake akasikia maji ya moto, kisha pumzi zikikatika.

"Usinikatie tamaa, tate," Athumani alisema. "Nitaacha. Wallahi nitaacha uvivu. Mame anifumie tenga jingine."

Twaha alisimama pale pale, mguu mmoja juu ya tuta, mwingine chini. Alisema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, "Wewe si mvivu. Unanisikia? Hujawahi kuwa mvivu hata siku moja. Miguu yako inaumwa. Daktari ameona kwenye mashine, inaumwa tangu ulipozaliwa, na wewe umeitembeza hivyo hivyo. Hakuna mvivu hapa."

Mtoto alilifikiria jambo hilo. Kisha akasema taratibu, kwa heshima, kama mtoto aliyelelewa vizuri anapomkumbusha mkubwa alichosahau:

"Lakini tate, ni wewe uliyesema."

Twaha akamshika mapaja vizuri, akaendelea kupanda.